Batri inasinzia

Leo mu bus ya Bel-Air, mama moya alikuwa anapepea mutoto wake na kaventilateri kadogo kenye kufungwa ku pawabanki. Kakazimika. Mi niliangalia dirisha, lakini masikio ilibakia kwao.

"Kila usiku iko vile," mama akaambia papa moya mwenye aliikala pembeni yake. "Batri ya pawabanki imejaa, lakini kaventilateri kanazimika, na Mapalo wangu anaamuka analia juu ya joto."

"Kaventilateri kanakula courant, umeme, kidogo sana, mama. Batri inawaza hakuna muntu, inasinzia. Ongeza simu pa tundu ingine ya pawabanki, haitasinzia."

"Simu itamaliza courant yote, papa. Mbele ya asubui mutoto atakosa mupepo."

"Ao unaamuka, unafinya bouton ya kuwasha."

"Na mi nitalala saa ngapi?"

Bus ikasimama. Mama akashuka, anamupulizia Mapalo mu shingo, polepole, na kinywa. Mimi pia nilisikia baridi mu shingo yangu.