Waliomjua Placidi

Mbinga nzima inalima kahawa, lakini aliyewafundisha watu wa Mbinga kuinywa ni Twaha, mtu wa Kilwa asiyekuwa na hata mche mmoja. Kila alasiri aliweka jiko lake la mkaa karibu na stendi, mbele ya benchi lililokuwa mali ya ofisi ya ushirika kabla ushirika haujafa na benchi likajipatia uhuru wake. Mwaka ule wa Elnino, mvua zilipokatika na malori ya wanunuzi binafsi yakaanza tena kupanda milima kugombea kahawa, wenye benchi walikuwa watatu. Tarsisi aliitwa Meja kwa sababu ya koti lake la kijani. Nicolaus, karani wa ushirika aliyepunguzwa kazini, aliitwa Waziri kwa kuwa kazi hakuwa nayo ila msimamo alikuwa nao. Wa tatu, Fabiano, alikuwa na redio ambayo betri zake alizianika juani kama dagaa, na watu wakamwita BBC.

Siku hiyo ng'ambo ya barabara Swalehe, mwenye duka, alikuwa amepandisha kibao kipya: SHUJAA PLACIDI STORE, MITUMBA NA REDIO. Soko huria lilikuwa limeingia na kila duka lilitaka jina. Dubai na London zilishachukuliwa na wenzake, basi Swalehe akamchukua Placidi, kijana wa Matiri aliyeuawa katika vita vya Kagera mwaka wa sabini na tisa. Kaburi lake lilikuwa huko huko vitani, na watu wake walikuwa wametawanyika. Na marehemu asiye na mwenyewe ni kama pori, anayewahi kulima ndiye mwenye shamba.

Kijiweni, aliyewahi kulima alikuwa Meja. Kwa miaka kumi na tisa alisimulia jinsi Placidi alivyofia kifuani kwake kando ya mto Kagera. Huo mto Meja hakuwahi kuuona hata kwenye ramani yenye rangi, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ila alianza kwa kusema tu kwamba waliagana. Benchi halikumsikiliza, akaongeza mto, baadaye akaongeza kifua. Na mtu akishafia kifuani kwako, utamwambiaje aondoke?

— Amefia kwangu hapa, alisema akijigusa koti, macho kwenye kibao. — Leo jina lake linauza suruali za Wazungu, na mimi sijaulizwa.

— Hivi alisemaje vile? BBC aliuliza, ingawa alijua.

— Alisema, Tarsisi, nisalimie Matiri.

— Juzi alisema pia wadogo zake wasome, na mbuzi wa baba yake asiuzwe.

— Alikufa polepole, BBC. Muda alikuwa nao.

Waziri alikohoa kama mtu anayefungua kikao. Kwa maelezo yake, habari za kifua zilikuwa porojo za mgambo. Placidi alikabili kifaru cha nduli peke yake. Alikisubiri kipunguze mwendo kwenye matope, akakichomekea jembe la Matengo kwenye mnyororo, na hapo kifaru kikaisha kazi.

— Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, alisema. — Kile kilikwenda pole, na kikajikwaa. Siku zile hata wahenga walizidiwa.

Ushahidi, aliendelea, ulikuwemo kwenye faili ofisini, yeye mwenyewe akilifuta vumbi kila Jumatatu. Bahati mbaya ushirika ulipoanguka mafaili yaliuzwa kwa kilo kwa akina mama wa maandazi, kwa hiyo ushahidi wote wananchi wa Mbinga walishaufungia maandazi.

— Faili la vita lilifuata nini ofisi ya kahawa? aliuliza Twaha, ambaye kwa kawaida haulizi.

— Enzi zile, Twaha, kila kitu kilikuwa chini ya ushirika.

BBC aliwasikitikia wote wawili. Wanabishania kifo, alisema, wakati mtu mwenyewe hajafa. Placidi alikuwa Kuba, akiwafundisha wanajeshi wa kule kulima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo, milimani kwao. Kila Jumapili alituma salamu redioni kwa mafumbo, na mwenye sikio alisikia.

— Asiyekuwepo na lake halipo, au sivyo? alisema, akionyesha kibao kwa kidevu. — Sasa lake lile pale. Basi naye yupo.

Meja aliumia. Kama Placidi yuko Kuba, basi kifuani kwake alikufa nani? Wakapandishiana sauti mpaka Waziri akaja na hoja ya suluhu, kwamba iundwe kamati ya watu watatu, wale waliomjua marehemu kwa karibu, iende kwa Swalehe kudai benchi lenye egemeo, liitwe kumbukumbu. Wote waliafiki. Walikuwa wamefika kwenye suala la nani awe mwenyekiti, ndipo binti mmoja akasimama mbele yao, kanga imejaa vumbi la lori la Mbamba Bay.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Habari za Nyasa?

Alisema ni nzuri. Alisema anaitwa Bonifasia, na kwamba stendi wamemwelekeza hapa, walipo watu waliomjua Placidi wa Matiri. Meja alifunga kifungo cha koti. BBC alizima redio.

— Umefika, alisema Waziri. — Uliza lolote.

— Mimi ni mwanawe.

Katika wosia wote aliouacha kifuani kwa Meja kwa miaka kumi na tisa, Placidi hakuwahi kumtaja mtoto hata siku moja.

Binti alieleza taratibu. Baba alikwenda vitani yeye akiwa tumboni. Mama alirudi kwao ziwani, naye akafa mapema, na Bonifasia akalelewa na bibi. Mwezi wa tano baba mkubwa wa Matiri alifariki, na sandukuni mwake ikatoka picha, picha pekee ya Placidi iliyokuwepo duniani. Bibi alikumbuka kuiona zamani na aliapa kwamba yumo, lakini sasa macho yake yote mawili yameshikwa na mtoto wa jicho. Harusi ya Bonifasia ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili. Kulikuwa na mpiga picha Songea aliyeweza kukitoa kichwa kimoja katika kundi na kukikuza hadi kikawa kama dirisha, ili siku hiyo baba naye akae mbele kama baba za wenzake. Alichotaka ni alama ya kalamu tu. Na basi la Songea lilikuwa la asubuhi.

Akafungua pindo la kanga, akatoa picha na kalamu. Timu ya mpira ya vijana wa Matiri, sabini na sita. Vijana kumi na wawili, jezi moja, vichwa vyote vimenyolewa, wote wamekunja nyuso kwa sababu ya jua.

— Ni yupi?

Waziri alisema miwani ameisahau nyumbani, ingawa miwani hakuwahi kuwa nayo. BBC aliigeuza picha akasoma nyuma, ambako hakukuandikwa kitu. Ikamfikia Meja.

Aliijua kabla haijatua mkononi. Aliujua ukuta ule, na mpira ule uliovuja. Alikumbuka walishinda tatu kwa moja, na jioni walikula ugali kwa mbelele, visamaki vya ziwani. Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, masikio kama mikono ya sufuria, ndiye yeye. Akamtafuta Placidi. Je, ni huyu aliyechuchumaa? Huyu mrefu? Kila mmoja alikaribia kuwa yeye, kisha akakataa. Sura aliyokuwa akiiona Meja miaka yote kando ya mto haikuwemo pichani. Akaitafakari, akatambua kwamba ilikuwa sura yake mwenyewe, ila nzuri zaidi.

— Weka tu, BBC alimnong'oneza. — Mchague mwenye sura, mtoto afurahi.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nani angejua? Nani angebisha? Meja aliishusha mpaka karibu kabisa na kijana mmoja mwenye sura, kisha akaiweka juu ya benchi.

— Mwanangu, alisema, wakati wa vita mimi nilikuwa Makambako. Nalinda behewa la maharage.

Binti alimtazama. Hakuona maharage yanahusikaje.

— Ni yupi, baba?

— Sijui. Huyu ni mimi, alisema Meja, akiweka kidole juu ya yale masikio. — Kwa hiyo huyu siye.

Bonifasia alichukua kalamu yake. Akachora mstari mwembamba juu ya kichwa cha Meja, kama mwalimu anayefuta jina la mtoro.

— Wamebaki kumi na mmoja, alisema, akawasogezea picha wale wawili.

Waziri na BBC waliinamia vikombe vyao kwa pamoja, wakanywa kwa bidii kahawa iliyokuwa imekwisha zamani.