Kodi ya Suti Zetu: Risala ya Mafundi Cherehani wa Chumba Kimoja

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Marekebisho ya Kodi ya Mapato. Waheshimiwa wajumbe mliofuatana naye. Majirani zetu wa gereji na wa duka la vitambaa. Na ninyi wateja wetu, hasa wenye nguo ambazo hazijaisha, tunawaomba mtulie, leo si siku ya kudaiana.

Karibu sana. Tumesikia kwamba Bunge linajiandaa kujadili viwango vipya vya kodi, na kwamba umeamua kuwasikiliza wanaolipa kabla ya kuwasikiliza wanaopanga. Jambo hilo limetugusa kweli.

Risala hii tumeitunga sote, na inasomwa kwako na mpiga pasi wetu, tunayemwita Shangazi. Zipo sehemu tulizoziandika yeye akiwa ametoka nje. Tumemwomba asome kila neno hata akiona haya. Amekubali, ingawa tunamjua.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, chumba hiki kilikuwa ghala la magunia. Kabla yake tulikuwa tukishona kwenye vibaraza vya maduka ya watu, mvua ikinyesha tunabeba vyerehani kichwani na kutafuta pa kujibanza. Tulipopanga hapa, kila mtu alikata mwenyewe, akashona mwenyewe, akatia vifungo na kupiga pasi mwenyewe. Ukweli usemwe, kila mmoja alikuwa na kasoro yake. Yupo mwenzetu ambaye suruali zake ziliwapendeza wateja waliosimama tu. Wakikaa, ilikuwa balaa.

Ndipo tukamkaribisha Shangazi na pasi yake, tukagawana kazi kwa vipaji. Mkata nguo humpokea mteja, humpima, hukata. Kitambaa huenda kwa mshona makoti au mshona suruali, kisha kwa mtia vifungo, na mwisho kwenye meza ya Shangazi pale dirishani. Malipo hupokelewa na mkata nguo, naye humpa kila mmoja fungu lake siku hiyohiyo. Hakuna nguo inayotoka mlangoni bila kupita kwa Shangazi. Akiona mshono umepinda, anaikunja nguo vizuri na kuirudisha kwa aliyeishona mbele za watu. Dawa hiyo imetunyoosha sote.

TUNAYOJIVUNIA

Leo nguo zetu zinavaliwa na maharusi, walimu, mawakili na wachezaji wa bendi. Tumesomesha watoto kwa sindano. Watu huvuka mji mzima, wanapita mafundi kibao njiani, wanakuja hapa. Hata koti lako, mgeni rasmi, mkata nguo wetu alishalitazama uliposhuka garini, anasema bega la kushoto limeshuka kidogo. Tumemkataza kulizungumzia.

Tunajivunia pia kulipa kodi, na hatulipi kwa kusukumwa. Taa ya barabarani inayowaleta wateja jioni, zahanati alikojifungulia mtia vifungo wetu, vyote tunaviita vyetu kwa sababu jasho letu limo. Mlango huu haujawahi kufungwa kwa kusikia kwamba afisa wa kodi yuko mtaa wa pili. Wapo wanaofunga. Hatuwataji, ni majirani.

TULIVYOBISHANA

Tulipopata habari za ujio wako tulikaa kujadili viwango. Tulikaa ndivyo tunavyosema, lakini kusema kweli tulisimama na sauti zilifika gereji.

Mshona makoti alianza: "Kiwango kiwe kimoja kwa wote, basi. Mtu akijituma akapata zaidi, anaadhibiwa kwa kosa gani?"

Shangazi akamjibu bila kuinua pasi: "Baba, wewe wakikukata sehemu moja ya kumi, unaahirisha redio mpya. Mimi wakinikata hiyohiyo naahirisha chakula cha usiku. Usawa gani huo?"

Mshona makoti aliliweka chini koti alilokuwa akilishona. Kisha akasema, "Haya, mimi nikatwe zaidi. Lakini nielezwe kwa lugha ninayoielewa nimekatwa nini na kwa nini." Tulimpigia makofi. Huo ndio msimamo wa chumba hiki: kiwango kiongezeke kadiri mapato yanavyopanda, na kila mlipaji akielewe.

LILILOTUKWAZA

Mgeni rasmi, tuliambiwa afisa atakuja kukadiria mapato yetu. Mafundi wa kazi nyingine wangefagia, wakamsubiri. Sisi tulivaa suti. Wote, mpaka mtia vifungo. Tuliona ni heshima kwake na tangazo kwetu. Afisa aliingia, akakuta watu wamependeza kama wakurugenzi wa benki, naye akatukadiria kama wakurugenzi wa benki.

Aliuliza nani anapokea malipo. Mkata nguo akajibu kwa madaha, "Mimi." Basi malipo yote ya chumba yakahesabiwa kuwa mapato yake, kwa kiwango cha juu kabisa. Halafu kila mmoja wetu akakadiriwa tena kwa fungu analopewa. Koti ni lilelile, pesa ni ileile, inakatwa ikiingia na inakatwa ikigawanywa. Tuliposoma maelekezo ya kukata rufaa, kila ukurasa ulitutuma kwenye ukurasa mwingine, kama mtu anayekuelekeza njia na yeye mwenyewe mgeni.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alituonea huruma, akatushauri: "Gaweni chumba. Pigeni kuta, kila mtu na mlango wake na wateja wake. Mkiwa wadogo wadogo mtaingia kwenye kiwango cha chini." Ni ushauri halali, na tumeshanunua mbao.

Ila kwenye vyumba hivyo, mwenye cherehani ndiye atakayepata mlango. Shangazi hana cherehani. Ana meza na pasi. Kila mtu atajipigia pasi mwenyewe, tena vibaya, na mshono uliopinda utatoka na mteja wake. Na aliyetuhimiza kupiga kuta ni yeye. "Pigeni tu, wanangu. Mimi sikosi pa kwenda." Alisema hayo akinyoosha suruali ambayo ilikuwa imeshanyooka, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Shangazi, usiruke hapa. Soma kwa sauti: hatutaki uende.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, hatuombi msamaha wa kodi. Tunaomba sheria iwatambue watu wanaofanya kazi kama sisi, ili kila mmoja atozwe kwa fungu lake, mara moja, na iishe. Mkata nguo na mshona makoti watalipa zaidi yetu, nao wameridhia mbele ya mashahidi. Tukihesabiwa hivyo hatutahitaji kuta, na serikali haitapoteza haki yake.

Tunaomba kanuni ziandikwe kwa ufupi zienee kwenye karatasi moja, tuibandike pale kando ya kioo. Mteja akipimwa kiuno awe anasoma.

Na makadirio yatazame kazi, yasitazame mavazi. Leo tumevaa suti zilezile. Alikuwapo mwenzetu aliyeshauri tuvae matambara ili utuhurumie, tukamzomea. Suti hizi tumezishona kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja. Geuza yoyote uone ndani ilivyoungwaungwa. Tunaomba serikali itazame na upande huo wa ndani, lakini kuvaa vizuri hatuachi.

MWISHO

Mgeni rasmi, chini ya kitambaa cheupe ulichowekea mikono ndizo mbao zenyewe za kuta. Tumezilaza ziwe meza yako kwa leo. Seremala anasubiri tumwambie alete misumari ya kuta au miguu ya meza. Meza ya Shangazi imelegea mguu siku nyingi. Tungependa sana kumwambia alete miguu.

Mwenyezi Mungu akulinde safarini, akupe kauli yenye uzito mbele ya wenzako bungeni, na akurudishe kwetu salama. Hilo koti lako, ukiliacha hapa wakati unakunywa chai, utalikuta bega limekaa sawa na limepigwa pasi.

Ni sisi,
Mafundi Cherehani wa Chumba Kimoja.

Imesomwa na mpiga pasi wao. Sikuruka.