Miguu Yote Miwili ya Fundi Viatu

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye mdogo wake marehemu, familia imenichagua nisome kwa kuwa nina sauti nzuri kuliko wote, na mtu pekee ambaye angebisha ndiye huyu aliyelala hapa.

Kaka yetu, Fundi Viatu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa baba na mama, alitanguliza miguu, mikubwa kiasi kwamba mkunga alidhani wanakuja watu wawili. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, mimi niliishia la tano lakini nilielewa zaidi, kisha akajifunza ushonaji, na mwaka 1979 akafungua kibanda pembeni mwa stendi, akashonea viatu nusu ya dunia, nusu nyingine inatembea peku mpaka leo. Mwaka 1983 alimwoa shemeji yangu, aliyekuja kubandika soli akabaki yeye na kiatu chake, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja.

Sukari iligundulika mwaka 2009. Mwaka 2021 msumari ulimchoma unyayoni, mguu ulishaingia ganzi hakusikia, kidonda kikaoza, kikanuka mpaka nzi wakawa wanapiga hodi, daktari akasema usaha ukifika kwenye mfupa tutakata, kaka akamjibu kwamba yeye hajawahi kuuza kiatu kimoja. Wakamfunga bandeji ya jeli yenye dawa ya kuua bakteria, laini, ya baridi, kama maji yaliyogoma kumwagika. Sasa kaka, ambaye kwake maisha yote unyevu ndio adui wa ngozi, shemeji akitoka tu anaibandua, anaanika mguu dirishani kama buti lililolowa, na kidonda kinazidi kupanda. Shemeji alipomfuma alilia, akamwita muuguzi wa vidonda, yule pale nyuma, asijifiche, naye akamwambia, mzee, ngozi unayoshona wewe imeshakufa, hii yako bado inaishi, na ngozi inayoishi inaota penye unyevunyevu. Hapo kaka akatii, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, nyama nyekundu ikajaa taratibu, kidonda kikafunga, akarudi kibandani kwa miguu yake.

Figo ndizo zilizomshinda, akafariki alfajiri ya tarehe 11 mwezi huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi wetu, majirani, na mafundi wenzake wa stendi. Shemeji amevipiga rangi viatu vyake, vyote viwili, nami ndiye niliyemvalisha, kamba nimezilegeza kama muuguzi alivyokuwa akiagiza, visimbane. Pumzika kwa amani, kaka.