Mkaguzi wa Mizani na Siku Saba za Kifudifudi

Ndugu, majirani na marafiki, familia imenituma nisome habari za mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Mkaguzi, naye angekuwa hai angeinyakua karatasi hii ahakiki tarehe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akamaliza shule ya msingi 1966 na sekondari 1970, na tarehe 2 Januari 1972 akaajiriwa kukagua mizani ya maduka, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa bila kumwamini mtu, na tabia hiyo akarudi nayo nyumbani. Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, baada ya kumchunguza mchumba miaka mitatu, wakajaliwa watoto wanne, wote wakikaguliwa mabegi mlangoni.

Mwezi Februari 2014 retina, lile pazia la nyuma ya jicho, ilibanduka katika jicho la kulia. Daktari alimweleza kuwa angepitisha vifaa vyembamba kwenye vitundu vitatu jichoni, atoe ute wa ndani, airudishe retina, aweke kiputo cha gesi cha kuishikilia, kisha mgonjwa alale kifudifudi siku saba ili kiputo kipande na kuikandamiza retina mahali pake. Marehemu alidai cheti cha ukaguzi wa mashine, akaonyeshwa, lakini hilo la kifudifudi halikumwingia akilini, akauliza kwa nini azuiwe kuona yanayoendelea nyumbani kwake. Siku ya tatu alimsikia mkewe akinong'ona na shemeji mlangoni, akajua anazungukwa, akainuka, akakaa wima sebuleni kutwa nzima akiwalinda, retina ikabanduka tena, na jicho likapotea. Kumbe walinong'ona wasimwamshe, shemeji alikuwa amemletea mto wenye tundu katikati ili apumue vizuri.

Mwezi Mei 2019 jicho la kushoto nalo likaugua vivyo hivyo, akasema heri kiza kuliko kuchezewa. Mkewe alimwahidi kukaa chini ya macho yake siku zote, naye akakubali, na baada ya upasuaji mkewe alitandika mkeka chini ya kiti alichoinamia, akalala chali siku zote saba, akamwambia, haya, nikague. Mzee hakuinuka. Gesi ilipoyeyuka, uso wa kwanza aliouona sawasawa ulikuwa wa mkewe, akalia, akamwomba radhi kwa ule mto.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, akafariki tarehe 9 Juni 2024, na asubuhi hiyo alimeza dawa kutoka mkononi mwa mkewe bila kusoma chupa.

Tunamshukuru daktari wa macho aliyevumilia maswali yake, wauguzi, majirani, na wakaguzi wenzake, ambao watalibeba jeneza na wameanza kwa kukagua mishikio yake.

Pumzika kwa amani, Mkaguzi, leo umelala chali, na yule wa mkekani yupo hapa, hanong'oni na mtu.