Mikono ya Ovaroli

Siku hiyo kijiwe kilikuwa moto kuliko kahawa yenyewe. Benchi liko nje ya kibanda cha Fundi Uzi, na Fundi Uzi mwenyewe furaha ilikuwa haimkai mwilini: kiwanda cha mabati kimempa tenda ya ovaroli! Zikipokelewa kesho, tenda ni yake mwaka mzima. Zikikataliwa, atarudi kutia viraka. Alikuwa ameshona miili yote, na mikono ndiyo kwanza amemaliza kuikata, rundo zima mezani. Ndipo Breki, dereva mstaafu, akamuuliza atazikagua lini.

— Mwishoni! Breki akajijibu mwenyewe. Mtu hakagui gari likiwa bado vyuma. Mwenda pole hajikwai!

— Wapi, bwana! akaruka Redio, fundi wa maredio. Kitambaa kinakaguliwa dukani. Samaki mkunje angali mbichi!

— Kwani hapa tunauza samaki?

— Tena dukani umeshachelewa! akazidisha Redio. Kagua pamba ikiwa shambani!

— Na mvua iliyoinywesha hiyo pamba, nani kaikagua?

— Ikaguliwe nayo! Na mkaguzi akaguliwe macho!

— Na daktari wa macho je?

— Naye! Mkuki kwa nguruwe!

Fundi Uzi alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Nyie semeni tu, wazee wangu. Mimi nimelaza kitambaa tabaka kwa tabaka, nikakata yote kwa mpigo. Haraka haraka ina baraka, nani kasema haina?

Walikuwa bado wanagongeana viganja alipofika mama wa stoo ya kiwanda.

— Hamjambo hapa? Nilikuwa napita, nikaona nichungulie.

— Karibu, mama! Chungulia, mali yako hiyo!

Akachukua mkono mmoja, akaulaza juu ya mwingine. Akachukua wa tatu.

— Fundi, ya kulia iko wapi?

Fundi Uzi aliinama achomoe mmoja. Akachomoa mwingine. Akapekua rundo zima. Kitambaa kina uso na mgongo, naye kwa furaha yake alilaza tabaka zote uso juu, asigeuze hata moja ili itoke mikono ya kulia. Mikono yote ilikuwa ya kushoto. Na kitambaa kimekwisha.

Akamtazama Breki. Breki akamtazama Redio. Redio, aliyekuwa sasa hivi anakagua mvua, akazama kwenye kikombe kitupu.

— Jamani, si nauliza? akasema mama wa stoo.