Mwanamuke wa Kinindo

Yesu asifiwe, ndugu zangu! Wenye mumekaa kule nyuma, mukaribie, maana hii ushuhuda sitairudilia.

Munanijua, mi ni Mama Esperansi wa Bwiza. Wivu yangu munaijua pia, musijifanye.

Bwana yangu Matayo, fundi wa kuchomelea vyuma, alianguka na pikipiki, kichwa ikagonga barabara. Mungu akamurudisha, lakini miguu ikakataa. Asubuhi moja nikamuuliza kama amelala vizuri. Akanijibu na utulivu yote: “Jana nilikuwa mutaa ya Kinindo na Mama Neema. Tumekula samaki mukeke ya kuchoma.”

Ndugu zangu! Hiyo jana mi ndiye nilimuogesha kitandani. Nikasema basi, hii ni siri ya zamani inajitoa yenyewe. Na Mama Neema ni wa kwaya yetu, mwenye alikuwa anatuletea chakula hospitali. Ndiyo maana alikuwa anamwaga mafuta mingi vile mu maharagwe ya bwana yangu! Wivu ikanikaba. Nikamurudishia sufuria yake tupu, bila hata kuiosha. Kwetu munajua sufuria tupu inasema nini: usirudi tena. Akaipokea, akaacha kuja.

Nikamupeleka Matayo kwa muganga wa hospitali, si apone, ila aungame mbele ya mutu amesoma. Muganga akamuuliza jana alikuwa wapi. Matayo akamushika mukono: walikuwa wote Uvira, na muganga ndiye alimusimamia ndoa! Uvira, muganga hajafika hata siku moja.

Akanieleza pole pole. Ubongo ikiumia, kumbukumbu inatoboka, na ubongo haivumilie tundu. Inaiziba na vipande inakuta karibu, sura ya huyu, chakula ya ule. “Hakudanganye, mama. Yeye mwenyewe anaamini.”

Kumbe ni maharagwe tu ndiyo ilimuingiza Mama Neema mule mu tundu! Nikaomba palepale mu koridoo, na Bwana akanifungua. Nikajaza sufuria, nikaibeba mwenyewe mpaka kwake Mutakura. Tulilia wote wawili.

Juzi Matayo ameniambia tena: jana alikuwa Kinindo na mwanamuke muzuri sana. Roho ikaruka. Nikamuuliza jina. Akataja yangu.

Mwenye wivu inamula ndani, amuletee Yesu leo, anaweza. Mi kamebaki kawivu kamoja tu, muniombee. Ule mwanamuke wa Kinindo namuonea wivu: alikula mukeke ya moto, na bwana yake alimupeleka kwa miguu yake mwenyewe.