Mtoto Hajacheza Tangu Asubuhi

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, alikaa fundi cherehani mjamzito, amepakata mfuko wenye gauni la bi harusi. Pembeni yake alikuwa mama wa makamo, mfanyausafi aliyetoka zamu. Hawakujuana, lakini basi halijafika mbali fundi akashusha pumzi. "Samahani mama, mimba ya miezi minane, ni kawaida mtoto kutulia? Leo hajacheza tangu asubuhi."

"Si kawaida. Shuka hapo hospitali ukapimwe."

Fundi akatikisa kichwa. Wiki iliyopita alikimbilia hapo hapo kwa maumivu ya kifua, kumbe kiungulia, na manesi wakacheka. "Nikirudi leo watanipa jina. Halafu bi harusi ananisubiri."

"Waache wacheke, utapungukiwa nini? Na bi harusi hataolewa bila gauni, kwa hiyo atasubiri."

Mimi nilikuwa nimefungua gazeti kitambo, ila ukurasa sikuwa nimegeuza hata mmoja.

Basi liliposimama hospitali, fundi hakuinuka. Mama akamchukulia mfuko, akasimama. "Mama, si umesema nyumbani kwako ni mwisho wa njia?" fundi akauliza.

"Nyumba haihami. Inuka, mwanangu."

Akainuka taratibu. Mlangoni akasita, mkono tumboni, macho yamemtoka. "Mama, ni kama amecheza! Au ni basi limenitikisa?"

"Hatujui," alijibu mama, akimshika mkono. "Ndiyo maana tunashuka."